Kompyuta imezimika ghafla, sasa inawaka na kuanza "kukagua diski": inakagua nini hasa?

Kuna swali naulizwa mara kwa mara mpaka nimeamua niandike niwe natuma linki tu. Linakuja na picha ileile kila siku: skrini nyeusi, maandishi meupe, kaduara kanazunguka, na chini imeandikwa kwamba draivu C inaskaniwa na kurekebishwa, asilimia 11. Umeme ulikatika, au mtu kajikwaa kwenye waya, au kompyuta iliganda, mwenye mali akachoka kusubiri akashikilia batani ya pawa mpaka ikalala. Kuwasha tena, badala ya kufunguka inaanza hiyo kazi ambayo hakuna aliyeiagiza. Hapo ndo ushauri unamiminika, huyu anasema diski imeshakufa, yule anasema ni kirusi, mwingine anasema izime uwashe itaacha yenyewe, na mwenye mali amekaa pale anaitazama asilimia 11 kwa dakika ishirini.

Mi naona kinachowachanganya watu wengi ni kitu kimoja tu. Wanadhani ile programu inakagua mafaili yao. Wakuu, haikagui mafaili. Inakagua daftari.

Ngoja nianze chini kabisa. Chukulia diski yako ni stoo kubwa yenye rafu mamilioni, kila rafu inaingia mzigo wa saizi moja tu. Kwenye Windows rafu moja kwa kawaida ni kilobaiti 4, mafundi wanaiita klasta. Picha yako ya megabaiti 1 haiwezi kukaa kwenye rafu moja, inakatwa vipande 256, na hivyo vipande si lazima vikae pamoja, vingine viko mwanzo wa stoo, vingine katikati, popote palipokuwa na nafasi siku ile. Sasa nani anajua kipande cha 1 kiko wapi na cha 256 kiko wapi? Mlangoni pa stoo kuna daftari. Humo imeandikwa jina la faili, ukubwa wake, limo kwenye folda gani, na namba za rafu zake zote. Kuna na ukurasa mwingine unaoonyesha rafu zipi zimejaa na zipi ziko wazi. Huo mpangilio mzima wa stoo pamoja na daftari lake ndo unaitwa mfumo wa mafaili, na majina yake umeshayasikia ukiwa unafomati fleshi: FAT32, exFAT, NTFS, na kwa watu wa Linux (mfumo endeshi mwingine badala ya Windows) ext4.

Ndo maana ukifuta faili la gigabaiti 5 linaondoka kwa sekunde moja. Hakuna mtu aliyeenda kutoa mizigo kwenye rafu, kimefutwa tu kimstari kwenye daftari na zile rafu zimeandikwa ziko wazi.

Sasa njoo kwenye kukatika umeme. Wewe ukibonyeza kusevu unaona ni tendo moja, puu, imesevu. Kule ndani ni hatua kadhaa: tafuta rafu zilizo wazi, ziandike kwamba zimechukuliwa, peleka mizigo, rekebisha mstari wa faili uonyeshe ukubwa mpya, rekebisha na orodha ya folda. Alafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui, kompyuta haipeleki kila kitu kwenye diski papo hapo. Inakusanya kwanza kwenye memori, ile RAM, ili ipeleke kwa mkupuo maana kwenda stoo kwa kila kitu kidogo kungeichelewesha sana. Kwa hiyo kuna muda, sekunde kadhaa hivi, ambapo wewe unaamini kazi yako iko salama na kumbe bado iko njiani. RAM ikikosa umeme inasahau yote. Ukizima kwa utaratibu, kompyuta inamaliza kwanza kupeleka vilivyobaki na kufunga daftari, na ile dakika unayoona inazunguka-zunguka imeandika inazima, ndo hiyo kazi inafanyika (pamoja na kuzifukuza programu ambazo hazitaki kuondoka).

Ukikata umeme katikati ya hizo hatua daftari linabaki na sentensi nusu. Rafu zimeandikwa zimejaa lakini hakuna faili linalosema ni zake. Au folda inasema kuna faili linaitwa ripoti, ukienda kwenye mstari wake hukuti kitu. Au mbaya zaidi, mafaili mawili yanadai rafu moja, na hii ni hatari kwa sababu ukiandika kwenye hili unaharibu lile bila kujua.

Zamani, enzi za Windows 98, dawa ilikuwa moja. Kompyuta ilikuwa inaweka alama kwenye daftari kwamba kazi inaendelea, kama kibao mlangoni, na ikizimwa vizuri inakitoa. Ikiwaka na kukuta kibao bado kipo inajua jana hakuna aliyefunga stoo, basi inapita daftari zima mstari kwa mstari. Waliokuwepo wanaikumbuka ile skrini ya bluu ya ScanDisk iliyokuwa inakusema kama mzazi, kwamba kompyuta haikuzimwa sawasawa na kwamba siku nyingine uzime kupitia menyu ya Start. Hata kama umeme ndo ulikatika na wewe huna kosa, unasemwa tu. Kwenye Linux ilikuwa hivyohivyo na ext2, programu yake inaitwa fsck, na diski ikiwa kubwa unaweza kwenda kuoga ukarudi ukaikuta bado.

Ile alama ina jina rasmi la Kiingereza lenye maana ya alama ya uchafu, na mpaka leo ipo. Ukifungua Command Prompt (lile dirisha la Windows la kuandika amri) kama admini ukaandika `fsutil dirty query C:` inakujibu kama draivu yako ni chafu au si chafu. Uchafu hapa hauna uhusiano na kirusi wala vumbi, ni kwamba daftari halijathibitishwa.

Sasa hapa ndo pana kipande ambacho hata mafundi wengi wanakiruka. Mfumo wa NTFS, uliokuja na Windows NT mwaka 1993, na baadaye ext3 kwenye Linux mwaka 2001, na Mac nao mwaka 2002, yote ilileta kitu kimoja cha akili sana: kijitabu cha pembeni. Mtunza stoo kabla hajagusa daftari kubwa anaandika kwanza kwenye kijitabu, "nataka kuhamisha mstari huu kutoka hapa kwenda pale", alafu ndo anafanya, alafu anaweka tiki. Taa zikizimika katikati, akirudi hapekui daftari zima, anafungua kijitabu, anaangalia kipi hakina tiki, anakimalizia au anakifuta kama hakikuwahi kuanza. Sekunde chache imeisha. Wewe hata huoni, kompyuta inawaka kama kawaida.

Kwa maana hiyo, kwa kompyuta za sasa, kukatika umeme peke yake mara nyingi hakukuletei ile skrini ya ukaguzi. Kijitabu kinamaliza kesi kimyakimya. Ukiona skrini ya kukagua draivu C kwenye Windows ya leo, kwa kawaida ni kwamba Windows yenyewe ilikuta mahali daftari linajipinga, ikashindwa kulinyoosha huku inatumika, ikaweka alama ili imalizane nalo wakati wa kuwaka. Ikitokea mara moja baada ya umeme kukatika vibaya, sawa, hiyo ni ajali. Ikitokea kila asubuhi na wewe unazima vizuri, hapo kuna kitu kinaliharibu daftari upya kila siku, na ukaguzi hauwezi kukitibu hicho kitu.

Kwa fleshi na memori kadi hali ni tofauti kidogo, kwa sababu nyingi ni FAT32 au exFAT ambazo hazina kijitabu cha aina hiyo. Kule bado ni kibao cha mlangoni tu. Ukichomoa fleshi bila kuitoa kwanza, ukichomeka tena Windows inakuambia kuna tatizo uiskani, na mara nyingi haina kitu, kibao tu hakikutolewa.

Kwa nini ifanye kazi hii wakati wa kuwaka, isisubiri niingie nifungue muziki huku inakagua? Kwa sababu huwezi kunyoosha daftari wakati watu kumi wanaandika humohumo. Draivu C ndo Windows inaishi, ikishawaka tu kuna programu chungu nzima zinaandika na kusoma kila sekunde. Kwa hiyo inakagua mapema kabla hazijaamka. Ndo maana hata ukiita `chkdsk C: /f` (chkdsk ndo jina la mkaguzi wa Windows, `/f` ni kumwambia arekebishe) ukiwa ndani inakuambia draivu inatumika, nikupangie siku ukiwasha tena? Linux nayo ni hivyo, fsck ukiilazimisha kurekebisha patisheni (kipande cha diski) ambayo iko hewani inatumika unaweza kuharibu kilichokuwa kizima, na hiyo nimeiona kwa macho yangu, sitaki kuikumbuka.

Na ile asilimia kukwama? Ukaguzi una hatua. Kwanza inapita mistari ya mafaili, alafu orodha za folda, alafu ruhusa za nani anaweza kufungua nini. Hatua hazilingani, na namba inayoonyeshwa ni makadirio tu, kwa hiyo inaweza kuruka kutoka 3 mpaka 10 fasta, ikakaa kwenye 11 kama imelala, alafu puu 100. Kwenye NTFS mstari mmoja wa faili kwa kawaida ni baiti 1024, kompyuta yenye mafaili laki tatu ina daftari la karibu megabaiti 300, hilo si kubwa, diski isiyo na ubovu inalimaliza haraka. Ikichukua masaa, aidha kuna kitu kimeharibika na diski inajaribu kusoma sehemu moja mara nyingi, au mtu aliagiza ule ukaguzi mzito wa `chkdsk /r`.

Huu wa `/r` tuutenge kabisa maana watu wanauchanganya. Wenyewe unaenda kwenye rafu zote, moja baada ya nyingine, tupu na zilizojaa, kuangalia kama zinasomeka. Diski ya terabaiti 1 inayosoma megabaiti 100 kwa sekunde itahitaji karibu masaa matatu, na hapo ni kama haijakwama popote. Ule unaojiwasha wenyewe baada ya kuzimika ghafla hauendi mbali hivyo.

Turudi kwenye daftari maana hapa ndo watu wanaumia. Kazi ya mkaguzi ni kuhakikisha daftari linakubaliana lenyewe kwa lenyewe. Basi. Hana habari kama ule mstari anaoukata ni faili la takataka au ni picha za harusi yako. Akikuta rafu zisizo na mwenyewe ana njia mbili, azitangaze ziko wazi, au azikusanye zilivyo azitupie kwenye folda moja ya vitu vilivyookotwa. Kwenye Windows hiyo folda inaitwa FOUND.000 na ndani kuna mafaili yenye majina kama FILE0000.CHK, kwenye Linux inaitwa lost+found, na mara nyingi imefichwa au inahitaji ruhusa. Kwa hiyo mtu anaposema "ilikagua ikanifutia mafaili" hadanganyi, lakini ukweli ni kwamba uharibifu ulitokea pale umeme ulipokatika, mkaguzi yeye kaandika tu kilichobaki.

Na kijitabu nacho kina mpaka wake. Kwa kawaida kinalinda daftari, hakilindi mzigo. Ndo unakuta baada ya umeme kukatika faili lipo, jina sahihi, ukubwa sahihi, ukilifungua halina kitu, limejaa sifuri mwanzo mpaka mwisho. Daftari liliwahi kuandikwa, mzigo haukufika. Ukaguzi hapo utakuambia kila kitu safi, na kwa upande wake ni kweli.

Sasa yale maneno ya mtaani.

Kwamba ukaguzi unaua diski. Diski isiyo na ubovu haiuawi na kusomwa. Lakini diski ambayo ilishaanza kufa, ile inayogonga tik tik tik ndani, ukiilazimisha isomwe yote unaweza kuimalizia. Ikiwa inagonga na una kitu cha maana humo, usikague, nakili kwanza kile cha muhimu kwenye diski nyingine, au mpelekee mtu anayejua. Fundi anayeanza na `chkdsk /r` kwenye diski inayogonga, mi ningechukua mali yangu niondoke.

Kwamba kuzima ghafla kunakwangua diski. Kwenye zile diski zinazozunguka, kile kichwa cha kusomea kinaelea juu ya sahani kwa umbali mdogo kuliko unene wa unywele mara maelfu, kwa hiyo woga wake unaeleweka. Ila watengenezaji walishalifikiria hilo siku nyingi: umeme ukikatika, sahani bado inazunguka kwa nguvu iliyokuwa nayo, ile mota inageuka kuwa jenereta kwa muda mfupi na umeme huo unatumika kukirudisha kichwa mahali pake pa kulala. Hiyo klaki unayoisikia kompyuta ikizimika ghafla ndo yenyewe.

Kwamba SSD haina shida hizi kwa kuwa haina kinachozunguka. Daftari ni lilelile jamani, likikatwa katikati limekatwa. Tena SSD ina daftari la pili ndani yake, la siri, linalokumbuka data iko kwenye chipu ipi, na hilo Windows hailioni kabisa. Zile za kwenye seva zinakuwa na vikapasita vya kutunza umeme kidogo zimalizie kuandika, za kawaida za laptopu nyingi hazina.

Kwamba ni kirusi. Hapa nacheka kidogo kwa sababu kuna chembe ya ukweli. Mwaka 2016 kilitokea kirusi kinaitwa Petya ambacho kilikuwa kinarestati kompyuta alafu kinaonyesha skrini feki ya CHKDSK, na onyo kwa herufi kubwa usizime kompyuta, kumbe nyuma ya pazia kinafunga daftari lote kwa msimbo ili udaiwe hela. Mwaka 2017 toleo lingine likarudia mchezo huohuo. Kwa hiyo kama umeme haukukatika, hukuzima, ulifungua tu faili la ajabu kwenye imeili na kompyuta ikajirestati yenyewe ikaanza "kukagua", una haki ya kushtuka na kuizima. Kwa hali ya kawaida, umeme umekatika na umewasha, ni Windows yenyewe tu.

Kwamba ukibonyeza kitufe chochote ikaruka umemaliza kazi. Kabla ukaguzi haujaanza Windows inahesabu sekunde 8 au 10, na hapo ni kweli unaweza kuruka, na kama una haraka ruka, haikulipuki. Ila alama inabaki, kesho itauliza tena, na katikati unaendelea kuandika kwenye daftari ambalo huenda lina mafaili mawili kwenye rafu moja. Kuna na wanaofundisha `chkntfs /x C:` ili isiulize kabisa. Hiyo ni kuchomoa taa ya mafuta kwenye dashibodi, tenki halijazwi kwa hivyo.

Cha kufanya chenyewe ni kifupi. Iache imalize, na kama ni laptopu chomeka chaji kwanza, maana kuzimika tena katikati ya kurekebisha daftari ni kuongeza sentensi nusu juu ya sentensi nusu. Ikikaa sehemu moja angalia taa ya diski au sikiliza, ikiwa inapepesa bado iko kazini, ipe hata usiku mzima kabla hujaigusa. Ikishafunguka nenda Event Viewer (programu ya Windows inayotunza kumbukumbu za matukio), kwenye kumbukumbu za Application, tafuta chanzo kinachoitwa Wininit namba 1001, utakuta ripoti nzima ya ilichokuta. Kuna mstari unataja kilobaiti za sekta mbovu, yaani sehemu za diski zisizosomeka. Ikiwa sifuri, vuta pumzi. Ikiwa ina namba, iandike mahali, na ikiongezeka safari ijayo anza kununua diski nyingine.

Na kwa wale inayowatokea kila siku: angalia afya ya diski kwa programu yoyote inayosoma SMART (ripoti ya afya ambayo diski inajiandikia yenyewe), kagua waya wa diski kama ni deskitopu (waya mbovu unafanya diski isiyo na ubovu ionekane mgonjwa), pima RAM maana RAM mbovu inaandika upuuzi kwenye daftari huku diski haina kosa, na kama una Windows na Linux kwenye mashine moja zima ile setingi ya kuwaka haraka (Fast Startup) iliyokuja na Windows 8. Ikiwa imewashwa, Windows ikizimwa haifungi daftari kabisa, inalala nalo mkononi, Linux ikija kuandika humo mnakuwa na waandishi wawili wenye kumbukumbu tofauti.

Mimi mwenyewe kisa changu kilikuwa cha fleshi. Niliichomoa huku inanakili picha, nilikuwa nakimbilia mahali. Nilipoichomeka tena nikakubali iskaniwe, folda ya picha ikawa nyepesi ghafla na FOUND.000 ikatokea na vifaili kumi na kitu vya CHK. Nikaanza kubadilisha majina, kimoja kimoja, natoa .CHK naweka .jpg. Nne zilifunguka nzima. Moja ilifunguka nusu ya juu tu, watu wanaonekana mpaka mabegani, na chini yake ni kijivu kitupu, pale pale nilipovuta fleshi. Zilizobaki hazikufunguka kabisa.